Mbarika Bustanini: Kuutambua, Kuupanda na Kuutunza kwa Usalama

Mbarika, ambao sehemu nyingi za Tanzania huitwa mnyonyo, ni kichaka cha majani makubwa chenye asili ya kaskazini-mashariki mwa Afrika, hasa Ethiopia na maeneo ya jirani. Jina lake la kisayansi, Ricinus communis, lilichapishwa na Carl Linnaeus mwaka 1753, na hakuna spishi nyingine katika jenasi hiyo. Familia yake, Euphorbiaceae, ndiyo ya mhogo, mbono kaburi, mti wa mpira na zile krotoni za rangi rangi zinazopandwa uani. Afrika Mashariki huota wenyewe kando ya mito, mifereji, barabara na majalala, na kwa kuwa haujawahi kuadimika, wengi huuhesabu kuwa gugu. Ulaya na Marekani ya Kaskazini hali ni tofauti: huko mbegu zake hununuliwa kwa pakiti, mche ukatunzwa mpaka majira ya joto, kisha ukapandwa katikati ya bustani ili watu waone majani. Mtindo huo ulipata nguvu London katika miaka ya 1860, pale bustani ya Battersea Park ilipoanza kupanga mimea ya nchi za joto kwa ajili ya majani yake badala ya maua.

Mmea huu unastahili heshima hiyo hata kwao, ila kwa sharti kwamba anayeupanda anaujua vizuri. Uzuri wake wote uko kwenye jani, na hatari yake kubwa iko kwenye mbegu. Kati ya hivyo viwili kuna kishada cha maua, na anayejua kukisoma ataweza kufurahia cha kwanza bila kukutana na cha pili.

Jani la mbarika hukaa kwenye kikonyo kirefu, cha mviringo, chenye uwazi ndani. Kikonyo hicho hakiungani na jani ukingoni kama ilivyo kwa mimea mingi. Huingia kwa upande wa chini, ndani kidogo ya ukingo, na jani likatandazwa kukizunguka pande zote. Kutoka kwenye kiungo hicho mishipa mikuu hutawanyika, kila mmoja ukielekea kwenye kidole chake cha jani. Vidole huwa 5 hadi 11, vyenye ncha kali, na mipasuko baina yake huweza kuwa mifupi au kukaribia kabisa kiini cha jani, kutegemea aina. Ukingo wote una meno madogo yasiyolingana. Kwa mmea wa porini upana wa jani ni kati ya sentimita 15 na 45. Kwenye udongo wenye rutuba na maji ya kutosha, aina za mapambo huvuka sentimita 60, na ni katika ukubwa huo ndipo mishipa, meno na mng'ao wa jani huonekana vizuri hata kwa mtu aliyesimama ng'ambo ya njia.

Majani machanga karibu kila mara hutoka na wekundu, hata kwenye aina za kijani. Rangi hiyo hutokana na anthosayanini, na kwa aina fulani haipotei jani linapokomaa: hubaki shaba, zambarau au rangi ya damu ya mzee. Jua ndilo linaloihifadhi. Mbarika mwekundu uliopandwa chini ya mwembe hugeuka kijani cha kufifia, mwenyewe akadhani aliuziwa mbegu mbaya.

Anayetazama kwa karibu mahali kikonyo kinapokutana na jani ataona vinundu viwili vidogo, mara nyingi vikiwa na tone linalometa juu yake. Hizo ni tezi za nekta, na vinundu vya namna hiyo hupatikana pia kwenye kikonyo chenyewe, karibu na shina. Nekta hiyo haihusiani na maua. Huwavuta sisimizi, nao wanapozunguka-zunguka juu ya majani huwasumbua wadudu wanaokuja kutaga au kula. Mtunza bustani anayewakuta sisimizi kwenye vikonyo hana haja ya kukimbilia dawa. Kwanza ageuze jani aone kama kuna wadudu wengine upande wa chini, maana sisimizi peke yao hawali jani.

Kuutambua mbarika kwa uhakika ni jambo la lazima kwa sababu unaota kwenye mashamba na viwanja vilevile ambako mboga za majani huchumwa. Kisamvu cha mpira, ambacho pia kina jani la vidole na hukua kuwa mti, kina ukingo laini usio na meno na hutoa utomvu mweupe kikivunjwa. Mhogo wa kawaida vivyo hivyo. Mpapai nao una jani la vidole na kikonyo chenye uwazi, lakini utomvu wake ni mweupe kama maziwa. Mbono kaburi una jani fupi lenye pembe chache zisizo na kina. Mbarika ukivunjwa kikonyo hutoa majimaji mepesi yasiyo meupe, tofauti na mhogo ulio katika familia yake. Kwa hiyo alama mbili zikiwa pamoja, yaani ukingo wenye meno na majimaji yasiyo meupe, zinatosha kuutenga na mimea hiyo inayofanana nao.

Shina lake hukua kwa kasi ya kushangaza. Mche ulioanza mwanzoni mwa mvua huweza kumfikia mtu mzima kifuani kabla ya msimu kwisha, na katika nchi zisizo na baridi kali mmea huishi miaka kadhaa, ukafika mita 5 na pengine mita 10 au zaidi. Kasi hiyo ina gharama yake: shina lina uwazi katikati, mti wake ni laini, na upepo mkali huweza kulivunja. Kwenye kila kifundo kuna alama ya pete inayozunguka shina lote. Pete hiyo ni kovu la vijani viwili vilivyoungana kulifunika chipukizi, vikaanguka mara jani lilipofunguka. Mashina mengi hupakwa unga mweupe wa nta unaofutika kwa kidole. Kwa aina fulani nta hiyo hufika hadi kwenye majani, ikayapa kijivu cha kupendeza. Isioshwe wala kufutwa, kwani hupunguza upotevu wa maji. Chini ya ardhi kuna mzizi mkuu wenye nguvu unaoshuka wima, pamoja na mizizi ya pembeni iliyotawanyika karibu na uso wa udongo. Mzizi mkuu ndio unaouwezesha mmea kustahimili ukame, na ndio pia unaoufanya uchukie kuhamishwa.

Namna unavyotoa matawi ndiyo siri ya kuupogolea. Shina kuu halirefuki bila mwisho. Likishatengeneza idadi fulani ya vifundo, kati ya 6 na 12 kwa aina fupi na zaidi kwa aina ndefu, ncha yake hugeuka kuwa kishada cha maua na hapo shina hilo huwa limekwisha. Ukuaji huendelea kwa matawi mawili au matatu yanayochipuka chini tu ya kishada, kila moja likifanya vilevile: linarefuka, linaishia kwenye kishada, linagawanyika. Ndiyo maana mbarika wenye umri huwa mpana juu na mtupu chini. Ukataji wa ncha ya mche ungali mdogo, ukiwa na majani sita hivi, huleta matawi mapema na kuupa umbo la kichaka kilichojaa. Anayetaka majani makubwa kupita kiasi afanye kinyume: aache shina moja, aondoe matawi ya pembeni, na kukata kila kishada kinapojitokeza.

Kishada chenyewe husimama wima na hubeba maua ya jinsia mbili mahali tofauti. Maua dume hukaa sehemu ya chini na maua jike sehemu ya juu. Yote hayana petali. Ua dume ni kitita cha stameni za rangi ya maziwa au njano, nazo hujigawa mara kwa mara kama vitawi vidogo, jambo linaloonekana wazi kwa kioo cha kukuzia. Ua jike ni ovari ya kijani au nyekundu iliyofunikwa miiba laini, na juu yake hutokeza stigma nyekundu zenye manyoya, ambazo ndizo rangi pekee ya kung'aa katika kishada chote. Chavua hurushwa kwa nguvu stameni zinapopasuka, ikachukuliwa na upepo. Nyuki huja kuichukua pia, lakini mmea hauwategemei. Kutokana na upepo huo, mbarika mwekundu ulio karibu na wa kijani wa porini utatoa mbegu za mchanganyiko, na mimea itakayoota haitafanana na mama yake. Chavua hii pia husababisha mzio kwa baadhi ya watu. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu haifai kuwa na mbarika unaochanua chini ya dirisha.

Baada ya kuchavushwa, ovari huvimba kuwa tunda la vyumba vitatu lenye upana wa sentimita 1.5 hadi 2.5, lenye miiba isiyochoma, ingawa zipo aina zisizo na miiba kabisa. Kwa aina za mapambo tunda huweza kuwa jekundu la kuiva, na wakulima wa maua wa Ulaya huyapenda matunda hayo kuliko kitu kingine chochote katika kishada. Kwa nyumba yenye watoto huo ni upendo wa kuuacha. Tunda likikauka hupasuka kwa kishindo na kutupa mbegu zake tatu umbali wa mita kadhaa. Kila mbegu ni ya mviringo uliobanwa, ganda gumu linalong'aa, lenye madoadoa ya kahawia, kijivu na nyeupe. Inafanana kabisa na kupe aliyeshiba damu. Kwenye ncha moja ina kinundu laini chenye mafuta. Sisimizi huibeba mbegu kwa ajili ya kinundu hicho, wakakila, kisha wakaiacha mbegu nzima ardhini, na kwa njia hiyo mmea husambaa kupita pale ulipoirusha.

Mafuta huchukua karibu nusu ya uzito wa mbegu, na sehemu kubwa yake ni asidi ya risinoleiki, inayoyafanya yawe mazito na yasigande kirahisi. Ndiyo mafuta ya nyonyo yanayopakwa nywele na ngozi, na kiwandani hutumika kwenye vilainishi, rangi na baadhi ya plastiki. Wamisri wa kale waliyawasha kwenye taa. India ndiyo mzalishaji mkubwa zaidi duniani leo, hasa jimbo la Gujarat.

Sumu iliyomo kwenye mbegu inaitwa risini. Ni protini, na ilitambuliwa na Hermann Stillmark mwaka 1888 katika chuo kikuu cha Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia. Ina sehemu mbili zilizofungamana: moja huishika seli na kuifungulia nyingine mlango, na hiyo ya pili ikishaingia huharibu ribosomu, yaani viwanda vya kutengeneza protini za seli. Molekuli moja huweza kuharibu ribosomu zaidi ya 1,000 kwa dakika, na seli isiyotengeneza protini hufa. Risini haiyeyuki kwenye mafuta, hivyo mafuta yaliyokamuliwa na kusafishwa kiwandani hayana sumu hiyo. Hubaki kwenye mashudu. Mashudu ya mbarika ni mbolea nzuri, lakini mbwa na kuku waliofukua bustani iliyowekwa mashudu ambayo hayajapikwa kwa joto la kutosha wamekufa. Majani na maganda yana sumu nyingine, risinini, isiyo kali kiasi hicho, ingawa mbuzi na ng'ombe hawapaswi kulishwa majani haya.

Ganda gumu la mbegu ndilo linaloamua ukubwa wa ajali. Mbegu iliyomezwa nzima huweza kupita tumboni bila kufunguka. Iliyotafunwa huachia sumu, na mbegu chache zilizotafunwa zinaweza kumuua mtoto. Dalili hazitokei papo hapo. Kwa kawaida hupita saa kadhaa kabla ya kutapika, maumivu makali ya tumbo na kuharisha, pengine kwa damu, na mwili kuishiwa maji. Hakuna dawa ya kuipinga risini yenyewe. Hospitalini mgonjwa husaidiwa kwa maji ya mshipani na uangalizi wa karibu. Mtoto aliyeonekana akitafuna mbegu hupelekwa hospitali mara moja, hata kama anacheza na kucheka, na mbegu au tunda huchukuliwa ili mganga aone ni nini. Kumlazimisha atapike nyumbani kusifanywe. Mbegu zilizotobolewa na kutungwa kuwa shanga ni hatari kupita zile za bustanini, kwa kuwa tundu limekwisha kulifungua ganda.

Kwa anayechagua aina, Zanzibariensis ndiyo yenye majani makubwa kuliko nyingi: kijani, yenye mishipa iliyopauka inayojitokeza. Kwa kiwanja kipana haina mpinzani, na inasikitisha kwamba aina inayobeba jina la Zanzibar huonekana zaidi kwenye orodha za wauza mbegu wa Ulaya kuliko visiwani. Carmencita ina majani ya rangi ya shaba na matunda mekundu sana, nayo husimama karibu mita 2. Gibsonii ina wekundu mzito wenye mng'ao wa chuma. Impala haikui sana, mita moja na ushei, na ndiyo inayofaa bustani ndogo au chungu kikubwa. Mbegu ya mmea wa kando ya barabara nayo inatosha kabisa kwa anayetaka jani la kijani tu, mradi ichukuliwe kwenye mmea wenye afya na jani pana.

Mbegu huvaliwa glovu zinaposhikwa na huhifadhiwa kwenye chombo kilichofungwa, kilichoandikwa, mbali na nafaka na kunde. Huloweshwa maji usiku mmoja, kisha hufukiwa sentimita 2 hadi 3 kwenye udongo wenye joto. Huota ndani ya wiki moja hadi tatu. Majani ya kwanza mawili, yale yanayotoka na mbegu, ni mapana yenye ukingo mzima na hayafanani hata kidogo na yatakayofuata. Si gugu, wala yasing'olewe. Jozi inayofuata hutoka ikitazamana, na kuanzia hapo majani hupandana kwa zamu kuzunguka shina. Kupanda moja kwa moja mahali pa kudumu ndiko bora kwa ajili ya mzizi mkuu. Ikilazimu kitalu, vitumike viriba virefu na mche uhamishwe ungali na majani mawili au matatu halisi, kiriba kikichanwa pembeni bila kuuvunja udongo.

Mahali panapofaa ni penye jua la siku nzima, udongo usiotuamisha maji, na kinga ya upepo. Mbarika hustawi kuanzia usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000, ila baridi ya barafu huuua. Nafasi ya mita 1.5 baina ya mimea inatosha kwa aina fupi. Zanzibariensis inahitaji mita 2 hadi 3, la sivyo majani hugusana, yakachanika na kupoteza sura. Samadi iliyooza vizuri huwekwa shimoni kabla ya kupanda, na matandazo huzunguka shina bila kuligusa. Mmea ulioshika mizizi hauhitaji maji ya kila siku, lakini jani hupungua ukubwa mara ukame unapoanza, hivyo anayepanda kwa ajili ya jani asiusubirishe. Maji yakituama, mizizi huoza haraka na hakuna tiba.

Wadudu si tatizo kubwa. Utitiri hufanya majani yawe na vitone vya njano wakati wa kiangazi, na viwavi hutoboa. Kuwaokota viwavi kwa mkono na kunyunyizia maji upande wa chini wa jani hutosha kwa mimea michache. Kule Assam, India, majani haya hupewa viwavi makusudi, kwa kuwa ndiyo chakula kikuu cha viwavi wanaotengeneza hariri ya eri.

Kazi moja haipaswi kuahirishwa: kukata vishada. Wakati mzuri ni pale stigma nyekundu zinapoonekana na kabla vitunda havijafikia ukubwa wa punje ya mahindi, kwa sababu wakati huo hakuna mbegu iliyokomaa. Mkasi hupitishwa chini ya kishada, juu ya jani la kwanza lenye afya, na matawi mapya yatachipuka hapo ndani ya siku chache. Kwa kuwa kila tawi huishia kwenye kishada, mmea hupitiwa mara moja kwa wiki katika msimu wa kuchanua. Anayehitaji mbegu za kupanda huacha kishada kimoja, hukifunga kwa mfuko wa kitambaa kabla matunda hayajakauka, na kukikata kikiwa bado kimefungwa.

Mbarika usipandwe ukingoni mwa mto, karibu na malisho, wala kwenye uwanja wa shule ya watoto wadogo. Mto husafirisha mbegu mbali, na katika nchi kadhaa mmea umekwisha kuziba kingo za mito. Afrika Kusini sheria inauhesabu kuwa mmea vamizi. Unapozeeka na kubaki mtupu chini, kwa kawaida baada ya miaka miwili au mitatu, ni afadhali kuung'oa na kuanza na mche mpya kuliko kuukata na kusubiri. Mashina na majani yasiyo na matunda huweza kuingia kwenye mboji. Matunda na mbegu huzikwa kwenye shimo refu ambalo mbwa hawawezi kulifukua, kisha eneo ulipokuwa mmea hukaguliwa kila mvua zinapoanza, kwa sababu mbegu zilizosahaulika ardhini huweza kuota hata baada ya miaka kadhaa. Miche hiyo hung'oka kwa mkono bila taabu ikiwa bado ina yale majani mawili mapana ya mwanzo.